Aliyenisomea ubao

Barua ya Moshi imekuja, nimekubaliwa kwenda kusomea ubingwa wa magonjwa ya ngozi, asanteni kwa dua zenu. Harusi ya kaka imepita salama na maji huku mtaani yamerudi. Hayo nitawasimulia vizuri siku nyingine. Leo nimekaa kuandika kwa sababu ya baba mmoja aliyekuja kliniki Jumanne. Kuna swali aliniuliza, na tangu siku hiyo nalala nalo, naamka nalo.

Kijiji chake sikitaji. Ni mtu wa visiwani, wa upande wetu wa Ukerewe, alipanda meli ya asubuhi kutoka Nansio akaja na mabinti zake wawili. Mdogo ana ualbino kama mimi. Mkubwa ni mweusi wa baba yake, mrefu, kabeba mfuko wenye kofia, sweta na chupa ya maji ya mdogo wake.

Nilimketisha mdogo kitandani nikaanza kumkagua. Mnajua ninavyofanya kazi: naisogeza ngozi ya mgonjwa karibu kabisa na uso wangu, lenzi mkononi, naitazama kidogo kidogo. Midomo ilikuwa imepasuka. Nyuma ya sikio la kushoto, pale ambapo kofia za watoto hazifiki, nikapapasa sehemu ndogo inayokwaruza kama msasa. Ni madhara ya jua yanayoweza kugeuka saratani, ila bado mapema. Hiyo ndiyo hatua ninayoitafuta kila siku, maana ikiachwa miaka, mtu anakuja na kidonda kisichopona, na hapo tunazungumzia kisu na mionzi. Siku hizi walau hospitali ya Bugando, Mwanza, ipo karibu. Zamani mgonjwa wa saratani wa huku Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi alisafirishwa mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi walikata tamaa kabla ya kupanda basi.

Wakati napapasa, nilisikia sauti ya chini mlangoni. Yule mkubwa alikuwa anasoma bango lililo ukutani upande wa pili. "Vaa kofia pana. Vaa mikono mirefu. Kaa kivulini." Alisoma mstari mmoja mmoja, polepole, na mdogo wake pale kitandani anaitikia kwa kichwa kila mstari unapoisha. Wala hakuombwa. Nilisikia, nikaendelea na kazi.

Baba yao alikaa, kofia yake magotini, akawa ananitazama. Kutazamwa nimezoea. Wapo wanaoingia wakanisalimia vizuri, kisha wakaniuliza daktari anakuja saa ngapi, wakidhani na mimi nimekuja kutibiwa. Huyu hakunitazama hivyo.

"Daktari, naomba nikuulize."

"Uliza tu, baba."

"Ulipokuwa shule, ubao ulikuwa unauona?"

"Hapana, baba. Hata nikikaa mbele."

"Sasa nani alikuwa anakusomea?"

"Rafiki yangu. Tulikuwa tunakaa dawati moja."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kidato cha pili."

"Yuko wapi sasa?"

"Yupo."

Akasema ahaa. Akasema wabunge wenye hali hii amewasikia redioni, mama Al-Shaymaa Kwegyir, na yule wa Lindi, Barwani, na Possi alipofanywa naibu waziri mwaka 2015 kijiji kizima kilizungumza. Lakini daktari ndiyo anamwona leo kwa macho yake. Nikamwelekeza kuhusu mafuta ya kujikinga na jua, nikampa kopo la Kilisun, yale yaliyoanza kutengenezwa kulekule Moshi, hospitali ya KCMC. Aliniuliza pia kama ni laana, maana kwao wanamsema mkewe. Nikamweleza kwamba yeye na mkewe wote wawili wamebeba kitu hicho bila kukijua, na kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino, kwa hiyo hakuna wa kusemwa. Alinyanyuka. Alipofika mlangoni akamshika yule mkubwa begani.

"Huyu alikuwa anaingia la tano," akasema. "Nimemrudisha la tatu akae na mdogo wake, awe anamsomea. Mwalimu mkuu amekubali."

Nesi akaita jina la anayefuata, wakatoka.

Jumanne yote, na Jumatano hata na ile barua mkononi, nikawa narudia yale maneno. "Yuko wapi sasa?" "Yupo." Nilipomjibu nilidhani ananiulizia habari zangu, kama wanavyouliza wengi wanaotaka kusikia nilivyopambana. Yule baba alikuwa anamuulizia mwanawe mkubwa. Alitaka kujua mtoto anayemsomea mwenzake ubao mwisho wake unakuwa nini. Alikuja kuuliza kwa mtu pekee aliyemwona anayeweza kumjibu.

Rafiki huyo wa dawati moja ni Jirani, wengi humu mnamfahamu, maana namwandika mara kwa mara. Tulianza kukaa pamoja tangu darasa la kwanza. Macho yangu, kama ya wengi wetu, yanachezacheza, na miwani inasaidia lakini haimalizi tatizo, kwa sababu kasoro iko ndani, kwenye sehemu ya jicho inayotakiwa kuona vitu vidogo. Mwalimu akiandika, Jirani anasoma kwa kunong'ona, mimi naandika huku pua inakaribia kugusa daftari. Mara ngapi tumechapwa wote wawili kwa kupiga kelele, sijui. Mwaka 2008, tukiwa kidato cha pili, ndipo habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo zilipotapakaa huku kwetu. Wapo watoto wa umri wetu waliopelekwa kuishi shule ya Mitindo, Misungwi, ili wawe salama. Mimi mama alikataa kunitoa mikononi mwake, kwa hiyo nilikwenda shule katikati: kaka mbele, Jirani nyuma. Mwaka huohuo Jirani akapata mimba. Akafukuzwa. Ndivyo ilivyokuwa enzi zile, msichana akipimwa akakutwa nayo basi, na aliyempa anaendelea na maisha yake. Ule waraka wa kuwaruhusu kurudi shule ulitoka tarehe 24 Novemba 2021, mtoto wake akiwa tayari anajifulia nguo.

Nikiulizwa nilifikaje hapa, njia yangu naijua kwa moyo. Stashahada ya utabibu miaka mitatu, kwa sababu kidato cha tano sikukipata. Kisha zahanati kisiwani, mimi na muuguzi mmoja, usiku tunazalisha kwa tochi. Kisha chuo kikuu, miaka mitano ya udaktari, na yule mwalimu wa chuo kimoja, sikitaji, aliyeniambia mbele ya wenzangu nitafute kazi ya ofisini kwa kuwa hadubini sitaiweza. Wenzangu wakaunganisha kamera ya hadubini kwenye kompyuta, nikaona seli kubwa kama sahani, nikafaulu. Kisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo, ambako kutafuta mshipa kwa kidole nilikuwa nimekuzoea tangu zahanati. Ngozi niliichagua kwa sababu ngozi haikatai ukiisogelea, na kwa sababu niliwazika watu wa kwetu wawili waliokufa kwa vidonda ambavyo mtu mwenye lenzi na kopo la naitrojeni ya kuvigandisha angevimaliza mapema.

Fomu za maombi zinauliza hayo yote, shule, mwaka, daraja. Nyumbani nina picha ya Profesa Esther Mwaikambo, mmoja wa madaktari wanawake wa mwanzo nchini na mwasisi wa MEWATA, chama cha madaktari wanawake, mwaka 1987. Niliikata kwenye gazeti nikiwa chuoni, nikaibandika juu ya meza. Napenda kumtazama. Wiki hii nilikuwa nikimtazama najiuliza na yeye nani alimsomea nini, na huyo mtu hayumo gazetini.

Jumamosi nikashindwa. Nikampigia Jirani.

Ilikuwa mbalamwezi, na mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliki, kwa hiyo pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba anapouza kazi hupungua na yeye hupata muda wa kuongea. Nikamsimulia yote, swali, jibu, yule mtoto wa mlangoni. Nilikuwa nakaribia kulia. Yeye akaanza kucheka.

"Kwa hiyo wiki nzima unanilia mimi?"

Nikamwambia ndiyo.

"Sikiliza. Shule hawakunitoa kwa sababu yako. Walinitoa kwa sababu ya mimba. Usichanganye."

Nikanyamaza.

"Halafu unasema mimi nilikusomea, mbona husemi hesabu zangu alikuwa anafanya nani? Mimi mpaka leo kugawanya kwa desimali nimejifunzia kwenye debe za dagaa, kwa sababu wewe ulikuwa unanimalizia kila kitu!"

Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Kumbe jioni tulikuwa tunabadilishana madaftari chini ya mwembe wa kwao, mimi nafanya za kwake, yeye ananisomea kwenye kitabu maswali ya kesho. Tukaanza kubishana ulikuwa mwembe au mfenesi. Tukacheka mpaka mwanawe akaja kuuliza kuna nini. Ni mwanawe yuleyule, yuko kidato cha nne mwaka huu, na Jirani amemnunulia vitabu vyote kwa fedha za dagaa, hata kimoja hakukosa.

Kisha sauti yake ikabadilika. "Huyo baba namba yake unayo?"

"Ipo kwenye faili."

"Mpigie. Mwambie mkubwa amrudishe darasani kwake. Mimi hakuna aliyenirudisha nyuma, nilikuwa nasoma masomo yangu. Wewe ulikuwa unasikilizia tu. Hiyo siyo sawasawa na kumtoa mtoto la tano."

Niliona aibu jinsi alivyoliona haraka, yeye aliyeishia kidato cha pili, jambo ambalo mimi nimezunguka nalo siku zote hizo nikidhani linahusu deni langu kwake. Na furaha pia niliiona, ile ya kusikia mtu akikuambia ukweli wako bila kukubembeleza.

Jana jioni nimeandika barua kwa mwalimu mkuu. Nimeomba mtoto akae safu ya mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali. Nimeomba mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika, maneno machache tu, darasa zima litafaidika. Aruhusiwe kusogea mpaka ubaoni na kushika kitabu karibu na uso bila kukemewa. Avae kofia na mikono mirefu hata kama sare haisemi hivyo. Mama yangu alinishonea mikono ya kitenge kwenye sare na niliadhibiwa kwa ajili yake, kwa hiyo hilo nimelipigia mstari. Nimemkumbusha pia kwamba Baraza la Mitihani lina karatasi zenye maandishi makubwa kwa wasioona vizuri na linawaongezea muda, na kwamba taarifa za mtoto ziandikwe mapema, zisisubiri mwaka wa mtihani wa mwisho. Mwisho nimeomba dada yake arudi darasa la tano. Nimesaini, nikagonga muhuri.

Baba nimempigia leo asubuhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama mwalimu akikataa kusoma kwa sauti itakuwaje. Nikamwambia anipigie, nitaongea na ofisi ya elimu ya wilaya mwenyewe kabla sijaondoka kwenda Moshi, na nikienda nitamwachia namba ya mwenzangu hapa kliniki. Akasema sawa. Nikamuuliza yule mkubwa anataka kuwa nani. Akasema hajawahi kumuuliza, akamwita hapohapo, nikasikia mtoto anasema kitu na baba anacheka, mtandao ukakatika. Nimejaribu tena mara kadhaa, hapatikani.

Kingine kinachoninyima usingizi ni mdogo wangu. Amenunua mashine ya mtumbwi ya mkono wa pili kwa jamaa wa Kirumba na anataka kuanza kubeba abiria kwenda kisiwa cha Ukara, na usiku pia. Mama tangu kivuko cha MV Nyerere kizame pale karibu na Ukara, Septemba 2018, haongei vizuri akisikia mtu wake yuko majini. Nimemtumia ujumbe anunue maboya kwanza kabla ya kumpandisha hata mtu mmoja. Ameusoma, hajajibu. Kesho nitamwambia mjomba aende akaikague ile mashine.