Mwaka wa Kupita: Nilivyochagua Hospitali ya Uanagenzi Nikielekea Radiolojia

Mama yangu alidhani nazungumzia kandanda. "Mechi ya nani na nani?" aliniuliza huku akivua viatu vya kazi, saa mbili asubuhi, ametoka kukesha na wazee wa watu kwenye makao anakofanya kazi. Nikamwambia si mpira, ni ule mfumo wa NRMP unaowapangia wahitimu wa udaktari hapa Marekani hospitali za kusomea ubingwa. Sisi wanafunzi tunauita Mechi tu. Nikachukua bahasha ya bili ya stima, nikamchorea kwa nyuma: huku hospitali ya radiolojia, miaka minne, huku hospitali nyingine, mwaka mmoja wa uanagenzi, unaotangulia ile minne.

"Kwa hivyo waomba kazi mbili."

"Naam, mama. Kwa pamoja."

"Na ukipata hii ya miaka minne, ukakosa hii ya mwaka mmoja?"

Nilikuwa nimeusoma mfumo huo miezi kadhaa bila kujiuliza swali hilo.

Radiolojia, udaktari wa ngozi, na baadhi ya nafasi za neurolojia (ubongo na neva) na za udaktari wa dawa ya usingizi hazianzi mwaka wa kwanza. Bodi ya ubingwa inataka uwe umehudumia wagonjwa kwa mikono yako mwaka mmoja kabla hujakalishwa, kwa sisi wa radiolojia, mbele ya picha za eksirei na skani. Zipo hospitali zinazokupa mwaka huo pamoja na ubingwa wenyewe, lakini nyingi hukuachia ukajitafutie. Njia ni tatu. Kuna mwaka wa awali wa tiba ya ndani, yaani wodi, ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) na zamu za usiku. Kuna mwaka wa awali wa upasuaji, ambao mimi sikuuomba hata mahali pamoja, kwa sababu najijua. Halafu kuna mwaka wa mpito, ambao ni mchanganyiko: mwezi wodini, mwezi chumba cha dharura, kisha miezi ya kujichagulia, ambapo mtu hufika nyumbani jua lingali juu.

Nilipoanza kujaza maombi Septemba 2023, akili yangu yote ilikuwa kwenye radiolojia. Tulipewa ishara 12 za kuziambia programu kwamba tunazitaka kwa dhati, sita za dhahabu na sita za fedha, nami nilizipanga na kuzipangua wiki mbili nzima. Uanagenzi niliujaza usiku mmoja, nikisinzia. Nikaweka programu 12 za mwaka wa mpito na tatu za tiba ya ndani. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: mwaka wa mpito ni laini, mimi nimechoka, basi nipumzike kidogo kabla ya safari ndefu.

Kumbe kila mtu wa ngozi na wa radiolojia amepiga hesabu hiyo hiyo. Kwenye mwaka wa mpito unapigana vikumbo na wale wale unaopigana nao kwenye ubingwa, wengine wakiwa na makaratasi mazito kukushinda, na nafasi zenyewe za kuhesabu. Kufikia katikati ya Novemba nilikuwa na mialiko tisa ya usaili wa radiolojia na mmoja tu wa uanagenzi. Mshauri mmoja aliwahi kuniambia kwamba mwaka huo "hujipanga wenyewe". Haujipangi.

Nikarudi kusoma nilichowaandikia. Niliona haya. Barua ya kujieleza niliyowapelekea watu wa tiba ya ndani ilikuwa ile ile ya radiolojia, neno kwa neno, ikiishia na sentensi ya jinsi ninavyotamani kukaa kwenye chumba cha giza nikisoma picha. Hebu jiweke mahali pa mkuu wa programu: anatafuta mtu wa kushika wodi Januari, na huyu anamwambia anatamani giza. Barua za mapendekezo nazo tatu zilitoka kwa madaktari wa radiolojia, ilhali mfumo wa maombi hukuruhusu kuchagua barua gani iende wapi. Nilikuwa na barua nzuri ya daktari wa wodi aliyenifundisha mwaka wa tatu, na nilikuwa nimeifungia kabatini.

Nikaandika upya. Niliwaambia ukweli kwamba nitakaa nao mwaka mmoja tu, kwamba nimekulia hapa Minnesota tangu tulipohama Mombasa nikiwa na miaka 14, kwamba mama yangu ni msaidizi wa wauguzi na wagonjwa wao wengi huishia kwenye makao kama yale anakofanya kazi. Nikaongeza programu nane za tiba ya ndani, zote Minnesota na majirani zake. Maombi ya kuongeza yanakubalika hata msimu ukiwa umeanza; kinachouma ni ada, kwa sababu kila fani huhesabiwa peke yake na idadi ikipanda bei nayo inapanda. Nililipa kwa pesa nilizotenga za tiketi ya kwenda nyumbani Kenya Desemba. Mialiko minne ikaja. Mmoja ulinijia saa kumi na mbili jioni nikiwa kwenye foleni ya duka, nikauitikia kwa simu papo hapo huku nimekumbatia gunia la mchele.

Usaili ulikuwa wa kompyuta, kama ilivyokuwa tangu 2020. Niliufanyia chumbani, mama amelala ng'ambo ya ukuta baada ya zamu yake, kwa hivyo nilizungumza kwa sauti ya chini kiasi kwamba daktari mmoja aliniuliza kama nina mafua. Swali lililonirudia kila mahali lilikuwa moja kwa maana, hata walipolivisha nguo tofauti: wewe ni mpita njia, kwa nini tukuchukue? Mara ya kwanza nilibabaika. Baadaye nilijifunza kuwaambia kwamba mtu atakayesoma picha za wagonjwa miaka 30 anahitaji kujua daktari wa wodi huwa anauliza nini saa tisa usiku anapoagiza picha hiyo, na pa kujifunzia hilo ni kwao. Nililisema kwa sababu lilitaka kusemwa. Nililiamini nilipofika wodini.

Yaliyonisaidia kuchagua hasa sikuyapata kwa wakubwa. Yalitoka kwa wanagenzi wenyewe, kwenye kile kipindi ambacho wakubwa hutoka na kuwaachia mazungumzo. Niliacha kuuliza kama wana furaha, maana nani atakwambia hapana? Nikauliza vitu vya kuhesabika. Miezi mingapi wodini na mingapi ICU? Wiki ngapi za usiku mfululizo? Mtu mmoja hubeba wagonjwa wangapi? Wanaoondoka baada ya mwaka hupewa ratiba sawa na wanaobaki, au ndio wanaotumiwa kuziba mashimo? Hili la mwisho jibu lake huwa kimya kifupi kabla ya maneno, na ni kimya hicho unachopaswa kukisikiliza. Sheria ni saa 80 kwa wiki, ukichukua wastani wa wiki nne, na siku moja ya kupumzika katika saba. Ilikuja nchi nzima mwaka 2003, baada ya New York kutangulia kufuatia kifo cha msichana aitwaye Libby Zion mwaka 1984. Hospitali zote zitakuambia zinaifuata. Wewe uliza mtu alitoka saa ngapi jana.

Na uliza tarehe. Hapa ndipo wengi tunapoanguka na hakuna anayetuonya. Uanagenzi unaoanza Julai mosi huisha Juni 30, ilhali hospitali ya ubingwa mara nyingi inakutaka kwenye utambulisho kabla ya Juni kwisha, pengine majimbo matatu mbali. Zipo programu zinazokuruhusu kuweka likizo yako ya mwisho pale mwishoni ukaondoka mapema, na zipo zinazokataa. Niliuliza kila mahali. Mmoja alinijibu kwamba hakuna aliyewahi kuuliza, nikajua wanaoondoka pale huondoka wakikimbia.

Februari ikafika, wakati wa orodha, ambapo unazipanga hospitali zilizokusaili kuanzia unayoitaka zaidi. Ukiomba nafasi za namna hii unapanga orodha kuu ya ubingwa, kisha chini ya kila hospitali ya radiolojia unaweza kuning'iniza orodha ya nyongeza ya uanagenzi. Mfumo ukikupa radiolojia ya Milwaukee, unafungua ile iliyoning'inizwa chini ya Milwaukee, basi. Kwa hivyo orodha hazilazimiki kufanana. Chini ya radiolojia za Chicago ningeweza kutanguliza uanagenzi wa Chicago, nihame mara moja tu. Wengi hufanya hivyo, na ni busara kwa mwenye mume na watoto.

Mimi nilimfikiria mama. Nilijua nikipata ubingwa nje ya Minnesota sitaishi naye tena kwa miaka, labda kamwe. Nikaning'iniza orodha moja karibu kila mahali: kwanza tiba ya ndani ya hospitali iliyo dakika 25 kutoka nyumbani, pili nyingine mjini Minneapolis, tatu ndiyo ule mwaka wa mpito niliosailiwa, saa nne na nusu kwa gari. Marafiki waliniona mwendawazimu. Nani huweka wodi juu ya mpito? Lakini mwaka ule laini nilikuwa niulalie katika mji nisiomjua mtu, kwenye theluji, nikipika wali wa mtu mmoja. Nilisoma miaka minne namna hiyo na ilinitosha.

Jibu la swali la mama nalo liko humo. Ukipata radiolojia na orodha yako ya nyongeza ikagonga mwamba, umepata nusu. Wiki hiyo hiyo ya matokeo unaingia kwenye mbio za dharura ziitwazo SOAP kugombea mabaki, ambayo mengi huwa ni mwaka wa upasuaji. Ndiyo maana sikuning'iniza majina mawili matatu nikajiona nimemaliza. Ada ya kawaida inabeba majina 20 kwenye orodha za nyongeza, basi jaza wote waliokusaili. Na chini kabisa ya orodha kuu, baada ya radiolojia ya mwisho, niliweka tena zile hospitali za uanagenzi, ili nikikosa ubingwa kabisa nisikose mshahara. Mama alipoelewa hilo alisema, "Sasa hapo umefikiri kama mtu wa kwetu."

Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2024, saa tano asubuhi kwa saa za kwetu, nilifungua bahasha. Radiolojia: Cleveland. Uanagenzi: dakika 25 kutoka nyumbani. Mama alipiga kigelegele kimoja kikali, baba wa mwanafunzi aliyekuwa jirani yetu akamwaga kahawa.

Siku moja kabla, tarehe 14, madaktari wa Kenya walikuwa wameanza mgomo ulioitishwa na chama chao, KMPDU, na moja ya madai makubwa lilikuwa la wanagenzi: wahitimu waliokuwa wakingoja kupangiwa hospitali, na malipo yao. Mgomo ulikwenda siku 56. Binamu yangu wa Mombasa alikuwa mmoja wa wale wanaongoja. Nilipomtumia picha ya bahasha alinipongeza kwa moyo mweupe, kisha akaandika, "Dada, yaani wewe ulikaa ukachagua? Ukakataa nyingine?" Sikuwa na la kujibu. Kwake kila mhitimu hupita uanagenzi kwanza, na ubingwa ni habari ya miaka ya mbele. Kulalamikia wingi wa orodha mbele yake kungekuwa ukosefu wa adabu. Tangu siku hiyo nimepunguza kunung'unika, si kwamba nimeacha.

Mwaka wenyewe ulikuwa mzito. Miezi sita ya wodi na miwili ya ICU, na Desemba nililia kwenye gari mara mbili, injini ikiunguruma ili kioo kisigande barafu. Mtihani wa Step 3, ule wa mwisho wa leseni ya udaktari, niliufanya katika mwezi wa kujichagulia, kama mwanagenzi mmoja alivyonishauri siku ya usaili. Rafiki yangu aliyepata mwaka wa mpito huko kusini alikuwa akinitumia picha za ufuo. Nilizifuta bila kuzifungua.

Ila wiki za usiku ziligongana. Mara nne mwaka ule zamu yangu na ya mama ziliangukia wiki moja, tukawa tunafika nyumbani karibu saa moja, yeye na sare yake ya zambarau, mimi na yangu ya buluu. Yeye anapasha chapati za juzi, mimi natia chai maziwa. Asubuhi moja ya Januari alinieleza jinsi mzee wake mmoja alivyorudishwa kutoka hospitali na karatasi isiyoeleweka, haijulikani picha ya kifua ilionyesha nini. Nilimwuliza karatasi iliandikwaje. Akanikariria maneno yote, mstari kwa mstari. Ameyasoma ya aina hiyo miaka 12.

"Mtu akisoma hivyo atajua afanye nini?" aliniuliza.

"Hapana, mama."

"Basi wewe ukifika huko usiandike hivyo," akasema, akanisogezea sahani.