Nilivyohangaika mpaka watoto wangu wa kitengo wakapata darasa linalowafaa

Mimi ni mwalimu wa kitengo, yaani lile darasa la watoto wenye mahitaji maalum ndani ya shule ya msingi ya kawaida, niko Morogoro. Nilisomea Patandi kule Tengeru, Arusha, nikaja kazini na mbinu zote kichwani, za mtoto mwenye usonji, za mwenye ulemavu wa akili, namna ya kuvunja somo vipande vidogo vidogo, yote ninayo. Kuhusu chumba chenyewe sikuwahi kuwaza hata siku moja, nilijua darasa ni darasa tu.

Nilipofika nikapewa stoo. Kweli ilikuwa stoo, tulitoa majembe na madawati mabovu siku mbili nzima. Watoto 14, bati tupu juu bila silingibodi, mlango mwembamba, madirisha yote upande mmoja yanatazama uwanja wa mpira, na ukuta wa nyuma tunachangia na jiko la uji kwahiyo kuanzia saa mbili moshi unaingia. Na nje, kwenye mti ulio mbele ya mlango wangu, ndo ilipotundikwa kengele ya shule, ile rimu ya gari inayogongwa na chuma.

Nilikuwa na mtoto mmoja mwenye usonji, miaka tisa, anazungumza maneno machache sana. Huyu alikuwa anaziba masikio, anapiga kelele, halafu anatoka mbio kuelekea barabarani. Mara ya nne nilimdaka akiwa karibu kabisa na lami na bodaboda zinapita, nikarudi nimekaa chini natetemeka. Walimu wenzangu wakaanza kusema huyu hawezi shule, mama yake aambiwe akae naye nyumbani. Iliniuma sana kwasababu nilijua akirudi nyumbani ndo basi tena, hakuna kwingine kwa kumpeleka.

Nikachukua daftari nikawa naandika kila akikimbia: saa ngapi, nini kilikuwa kinaendelea, nani alikuwa jirani. Wiki tatu. Nilipokaa Jumamosi nikasoma yote nikaona hakuna hata mara moja iliyohusu somo au mwenzake kumchokoza, ilikuwa ni kengele, mvua, na ile mida ya mapumziko wenzao wakiwa uwanjani. Masikio basi.

Mama yake nilipomweleza alinyamaza kidogo halafu akasema, "Mwalimu, kwa bibi yake Matombo mvua ikinyesha huyu huwa analala usingizi kabisa." Nikamuuliza nyumba ya bibi imeezekwa na nini, akasema nyasi. Hapo ndo nilielewa! Masika ilipoanza nikaweka programu ya kupima sauti kwenye simu, mvua kubwa ikapiga bati ikasoma zaidi ya desibeli 80. Simu sio kipimo cha kitaalamu najua, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri kelele za darasani zisizidi desibeli 35, sasa fikiria umbali uliopo hapo. Mimi mwenyewe mvua ikinyesha nilikuwa naacha kufundisha, na mimi sina usonji.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha hakikugharimu hata shilingi mia, ile rimu tuliihamishia kwenye mwembe karibu na ofisi. Kupata ruhusa tu ndo ilikuwa kazi, mwalimu wa zamu alisema madarasa ya mbali hayatasikia, tukajaribu siku moja wakasikia wote. Na kabla ya kengele namwonyesha mtoto picha ya kengele, anaziba masikio yeye mwenyewe kwa utaratibu, ikilia anaachia, tunaendelea.

Chumba kilichukua muda. Tangu elimu bila ada ianze 2016 mwalimu huwezi kujiitia wazazi ukachangisha, lazima ipite kamati ya shule, na ipate kibali huko juu. Nikaomba nafasi kwenye kikao cha kamati, nikaenda na daftari langu na nakala ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya 2010. Sheria sikuisoma yote, nilisoma sehemu ya haki ya elimu tu, kilichowagusa zaidi ni daftari. Mwenyekiti, mzee mmoja wa heshima sana, alilishika akasoma kurasa kama nne kimya kisha akauliza, "Hii saa nne kasoro, barabarani, ni huyu mjukuu wa jirani yangu?" Nikamwambia shikamoo mzee, ndiye. Basi kuanzia siku ile nilikuwa na mtu.

Tukabadilishana na darasa la tano, wao wana vyumba viwili, tukapata kile cha mwisho kabisa mbali na jiko. Mwalimu wao alinuna kama mwezi hivi na simlaumu. Michango ya hiari ya wazazi pamoja na vijana wawili waliosoma shule ileile ikafika laki sita na arobaini, tukapiga silingibodi. Sakafuni wazazi wakaleta majamvi, mengine tukayatundika ukuta wa nyuma na mwangwi ukapungua palepale, hata sauti yangu niliisikia tofauti.

Ramp, ule mteremko wa kupitisha kiti cha magurudumu mlangoni, nusura tugombane na fundi. Mlangoni kuna kimo cha sentimita 30, na nina binti mwenye mtindio wa ubongo anatumia kiti cha magurudumu. Fundi alitaka kumwaga mteremko wa mita moja na nusu amalize jioni, nikamwambia kipimo ni moja kwa kumi na mbili, kila sentimita moja kwenda juu unatembea sentimita kumi na mbili, kwahiyo ni mita tatu na sentimita 60. Akasema, "Mwalimu, hiyo sasa ni barabara, saruji yote itaishia hapa." Sikubishana, nikaweka ubao kwa mwinuko wake nikamwomba akae yeye kwenye kiti ajisukume. Kiti kikainuka magurudumu ya mbele akashika fremu ya mlango. Akamwaga mita tatu na sitini, na mlango tukautanua hadi sentimita 90.

Ndani pia kulikuwa na ishu. Kwenye semina za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tunahimizwa darasa liongee, herufi na michoro kila ukuta, na kwa darasa la kwanza la kawaida inasaidia. Wangu ilikuwa inawavuruga, macho hayatulii. Nikatoa karibu zote nikabakiza ukuta wa mbele, na ratiba ya picha kwenye kamba na vibanio vya nguo, tukimaliza kitu mtoto anachomoa picha anaweka kwenye boksi. Mkaguzi mmoja alikuja akauliza mbona kuta tupu, nikamwomba akae nusu saa tu. Alikaa. Hakuandika neno baya. Madirisha nusu ya chini tulifunika, juu tukaacha maana joto la Morogoro mnalijua, ukiziba yote utawachemsha.

Halafu kona ya utulivu, hii naomba niiseme kwa urefu. Ni godoro dogo, pazia la kitenge, mto, basi. Mtoto akizidiwa anaenda mwenyewe, anakaa, akitulia anarudi. Wiki ya pili tu walimu wa madarasa mengine wakaanza kuniletea watoto watundu, "mweke kule kwenye kona yako akae." Nilikataa, na nikakataa tena mbele ya mwalimu mkuu, kwasababu siku watoto wangu wakiona pale ndo pa kuadhibiwa hawataenda tena, watarudi barabarani. Na mimi mwenyewe nimejizuia, sijawahi kumwambia mtoto "nenda kwenye kona" kwa hasira, na kuna siku nilikaribia.

Yule kijana wangu mvua kubwa ya kwanza kwenye darasa jipya alisimama, akaenda hadi mlangoni, mimi nikamfuata moyo unadunda. Akageuka akaingia nyuma ya pazia. Ya pili alikimbia nje, siwezi kudanganya, ila aliishia kwenye ramp. Muhula uliofuata hakutoka tena kwasababu ya mvua, na sasa anaandika jina lake.

Kilichobaki ni choo. Binti wa kiti cha magurudumu hawezi kuingia, mlango wake unafungukia ndani na hakuna pa kushika, kwahiyo mama yake anakuja kila siku saa nne na saa saba kumsaidia, anaacha genge lake la nyanya sokoni. Nimeshapima, mlango ufungukie nje, bomba la kushikilia pande zote mbili na kiti. Kamati inakaa Alhamisi, daftari langu lingine limeshajaa.