Nyumba iuzwe tugawane, halafu?

Baraza la kata limeshatuandikia kwamba kutupatanisha limeshindwa, kesi ya talaka haijafunguliwa bado ila mashemeji washagawa nyumba: iuzwe, hela ikatwe katikati, kila mtu aende zake. Ukisikiliza harakaharaka unaona haki hiyo. Ila mama watoto na nusu yake anapanga popote Morogoro hii, mi na hiki kitimwendo nusu yangu niende nayo wapi? Vyumba vya kupanga si mnavijua, ngazi tatu kibarazani, mlango mwembamba, choo cha kuchuchumaa tena cha nje mnashea wapangaji wote, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwanza ndo uanze kumbembeleza uvunje ukuta wake. Hapa milango ilishapanuliwa, kuna rampu, choo cha kukaa na bomba la kushikia.

Na hiyo rampu kalipia mama watoto. Kiwanja nilinunua mimi kabla ya ndoa, msingi wangu, ila baada ya ajali yeye ndo kapaua, kapiga plasta, kaingiza umeme, hela za duka lake. Kwa hiyo wanaonijaza "kiwanja chako hicho" wananipoteza tu, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 114 mali ya mmoja ya kabla ya ndoa ikiendelezwa sana na mwenzake inaingia kwenye mgawo. Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango, sembuse mabati. Kunigeuza usiku nisipate vidonda sijui hakimu atakuweka fungu gani.

Kifungu chenyewe kinataja mila, michango, madeni, watoto wadogo. Ulemavu wa mwenzi hamna. Unaukuta cha 115, mke mwenye uwezo anaweza kuamriwa amtunze mume asiyeweza kujitafutia riziki sababu ya kuumia au maradhi. Msaidizi wa kisheria alivyotusomea kaka yangu akacheka, eti mwanaume ulishwe na mtalaka wako. Acheke, yeye ngazi anapanda.

Mi posho sitaki. Nitaomba nyumba ithaminiwe ila isiuzwe, nibaki nyuma huku kwenye rampu, vyumba viwili vya mbele vipangishwe kodi yote achukue mama watoto mpaka fungu lake litimie. Nimempigia jana kumwambia, kanisikiliza weee, mwishoni kauliza hao wapangaji watakuwa na luku yao au ndo watatumalizia umeme.