Kutoka Likoni hadi Seacombe: jioni moja ya upepo kwenye mto Mersey

Liverpool nilikwenda kwa ajili ya mpira, kama wanavyokwenda wengi wetu, na habari za mpira sitazirefusha. Anfield nimeingia, nimezungushwa vyumbani na kushushwa ile ngazi wanayopita wachezaji, na dereva wa teksi aliposikia natoka Kenya alimtaja Divock Origi kabla sijafunga mlango. Yale mabao mawili aliyowafunga Barcelona Mei 2019 yamempa kila Mkenya heshima katika mji ule, na mimi niliipokea heshima hiyo kwa mikono miwili. Siku za mwanzo zikaishia hapo. Ninayotaka kuyasimulia ni ya maji, kwa sababu mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa, navuka kwenda kisiwani na kurudi karibu kila siku ya maisha yangu, na sikutarajia kwamba kuna maji mengine ya kuvuka yatakayonishtua.

Lakini kabla ya maji, bei. Chumba nilichopewa Jumatano kwa pauni 55 kilipanda Jumamosi ya mechi hadi pauni 140, kitanda kilekile, dirisha lilelile linalotazama ukuta wa jirani. Hita ilipata moto alfajiri, wakati baridi imeshaniamsha zamani. Sahani moja ya samaki na chipsi ilinitoa pauni 14. Nilipiga hesabu ya shilingi nikahisi vibaya: kwa pesa hiyo, pale ufukweni Mama Ngina, kwetu, ningewalisha wanangu wote viazi vya karai na mihogo, madafu juu yake, na nauli ya kurudi nyumbani ikabaki. Jirani aliyekuwa kitanda cha pili kule London aliniambia kaskazini mwa Uingereza mambo ni nafuu. Labda kwa wakazi. Kwa mgeni wa siku za mechi, hapana.

Ijumaa nilikwenda Brougham Terrace, kwenye nyumba nyeupe zilizoshikana zinazotazama barabara kubwa yenye magari mengi. Hapo ndipo Abdullah Quilliam, wakili wa mji huohuo aliyesilimu, alipofungua msikiti mwaka 1889. Wakati huo majirani waliwarushia mawe waliokuja kuswali, naye akaendelea, akafungua na makao ya watoto waliokosa wa kuwalea. Mwaka 1894 Sultani Abdul Hamid wa Uturuki alimpa cheo cha Sheikh al-Islam wa visiwa vyote vya Uingereza. Niliswali rakaa mbili nikatoka nikiwa na furaha nisiyoweza kuieleza vizuri. Nimekulia katika mji ambao misikiti yake haina hesabu, na sikuwahi kufikiria inamaanisha nini kuwa na mmoja tu, tena katikati ya watu wanaokutupia mawe.

Sasa maji.

Pier Head, pale ukingoni, yamesimama majengo matatu makubwa ya mawe yaliyokamilika 1907, 1911 na 1917, na juu ya lile maarufu zaidi, Royal Liver Building, kuna ndege wawili wa shaba wenye mbawa wazi. Yamejengwa na utajiri wa meli. Nyuma yake kuna barabara inayoitwa Goree, jina la kile kisiwa cha Senegal, na hapo ndipo mtu anapokumbuka kwamba utajiri huo ulianzia pabaya: inakadiriwa meli za mji huu zilibeba Waafrika kama milioni moja na nusu kuvuka Atlantiki. Baraza la mji liliomba radhi rasmi mwaka 1999. Nilisimama chini ya kibao cha barabara ile muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya sanamu za Beatles, ambazo ziko hatua chache tu na kila mtu anapiga nazo picha.

Nilipofika ukingoni asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, na ukuta wa gati ulionekana wote, mweusi, umeota majani ya bahari hadi juu sana ya kichwa changu. Alasiri nilirudi nikakuta ukuta umezama na maji yanakaribia miguu yangu. Sikuamini. Nimezaliwa pwani, bamvua naijua, kwetu siku ya bamvua kubwa maji hutofautiana kama mita tatu na nusu hivi. Mersey hupita mita 9. Na mkondo wake unakimbia, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yenye matope, hayaonyeshi hata kidole cha mkono ukiuzamisha. Ndipo nikaelewa kwa nini wenyeji walilazimika kujenga gati lenye lango mwaka 1715, la kwanza la aina yake duniani kwa meli za biashara: meli inaingia maji yakiwa yamejaa, lango linafungwa, na huko nje maji yakipwa, ndani meli inabaki inaelea na makuli wanaendelea na kazi. Sisi Mungu alitupa bandari ya Kilindini, kina cha bure. Wao walichimba.

Feri ilinikera kwanza kabla ya kunifurahisha. Mchana haivushi watu, inazungusha watalii mtoni kwa dakika 50, kwa zaidi ya pauni 10 kwa kichwa. Kwetu mwenda kwa miguu halipi hata ndururu moja. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka, mama mmoja wa tiketi akanishauri nirudi saa kumi na moja, siku za kazi, kwa sababu asubuhi na jioni feri huwavusha wafanyakazi hadi Seacombe, ng'ambo, na nauli yao ni ndogo. Namshukuru mama yule.

Jumatatu jioni nikapanda. Gati lenyewe linaelea, linapanda na kushuka pamoja na maji, na daraja la kulifikia wakati ule lilikuwa limelala mteremko mkali hata mama mwenye kigari cha mtoto alishuka kinyumenyume. Baharia mmoja akarusha kitanzi cha kamba nene kama mkono wangu, kikatua juu ya nguzo ya chuma kwa mara moja, akaizungusha mara tatu, kamba ikalia, chombo kikatulia. Kisha daraja la chombo likashushwa kwa kishindo na watu wakaingia wakitembea. Nasema wakitembea. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyesukuma. Kila mtu alikuwa na kiti, na viti vingi vikabaki vitupu, na maboya yako pale yanaonekana.

Mtu wa Likoni haangalii jambo hilo hivi hivi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na nchi kavu, imejaa kupita kiasi, watu 272 wakafa. Walikuwa wanakwenda kazini asubuhi. Mtaani kwetu kulikuwa na matanga nyumba hadi nyumba, na mimi hadi leo nikiingia ferini natafuta kwanza pa kutokea kabla ya kutafuta pa kusimama. Kwenye Mersey nilikaa juu, nje, upepo unanipiga, nikagundua sijatafuta.

Ukitaka kuuona mji wa Liverpool, uutoke. Kutoka katikati ya mto unaonekana wote, minara, makanisa yao makuu mawili juu ya kilima, taa zinaanza kuwaka. Dakika kama kumi tukawa Seacombe. Nikashuka ninyooshe miguu, nia yangu nirudi na chombo kinachofuata.

Chombo kinachofuata hakikuja. Upepo uliongezeka ghafla, mto ukachafuka, na kijana mwenye koti la mvua akatoka kutuambia kwamba safari zilizobaki jioni ile zimefutwa. Wenzangu wote walikuwa wamefika kwao; niliyebaki ni mimi na tiketi yangu ya kurudi. Seacombe haina kituo cha treni. Giza lilikuwa linaingia, mvua ya upande inanipiga shingoni, na ng'ambo naona hoteli yangu ilipo, kama kilomita moja tu na zaidi kidogo, nisiweze kufika. Hali hiyo naijua. Feri zikiharibika Likoni, watu wanaiona Mombasa kwa macho na hawaifikii.

Kwenye kibanda cha basi alikuwapo mzee mmoja wa Kizungu, amevaa kofia ya sufu, mfuko wa plastiki miguuni. Aliniuliza kama nasubiri kuvuka. Kiingereza chao kinapanda na kushuka, na mwanzoni nilikuwa naambulia neno moja katika matatu. Akaniambia basi litakuja, litapita chini ya mto, nitoe pauni 2, nisihangaike. Kisha akauliza natoka wapi.

Nikasema Mombasa.

"Kilindini," akasema. Alilitamka sawasawa, bila kukwama popote.

Alikuwa baharia wa meli za Harrison, za hapohapo Liverpool. Alianza akiwa na miaka 17. Miaka ya sitini alifika kwetu mara kadhaa, wakileta mashine na magari, wakirudi na kahawa, chai na katani. Akaniuliza kama zile pembe kubwa za ndovu za kutengenezwa, zinazopita juu ya barabara, bado zipo. Nikamwambia ziko, ila barabara sasa inaitwa Moi Avenue. Akauliza kama joto bado lipo. Nikamwambia lipo, limezidi. Akanyoosha viganja vyake kunionyesha makovu ya waya wa winchi, mistari mieupe inayokatiza kiganja chote, na akasema mmoja aliupata Mombasa, na mtu aliyemfunga kitambaa alikuwa kuli mmoja wa pale aliyepasua shati lake mwenyewe.

Marehemu baba yangu alikuwa kuli Kilindini. Nilipomwambia hivyo mzee alinigeukia mzima mzima. Tukaanza kuhesabu miaka pale kwenye mvua, tukisaidiana. Haikukutana. Yeye alifika Mombasa mara ya mwisho 1968, baba alianza kazi bandarini 1971. Mzee alisikitika waziwazi, na mimi pia.

"Siku zile tulikaa gatini kwenu wiki mbili," akaniambia. "Tulijua majina ya watu. Sasa meli inaingia usiku, asubuhi haipo."

Akaelekeza kidole kaskazini, kwenye mdomo wa mto, ambako winchi kubwa nyekundu za kontena zilionekana kwa taa zake. Gati hilo jipya lilifunguliwa 2016. Kontena zilipokuja, aliniambia, kazi za mikono ziliisha, baba na watoto wakakosa kazi mwaka uleule. Albert Dock, lililofunguliwa 1846 kwa fahari kubwa, maghala ya matofali na chuma bila mbao ili yasishike moto, lilifungwa 1972 likajaa matope. Leo ni mikahawa na makumbusho. Mji uliokuwa na watu zaidi ya laki nane miaka ya thelathini ulibakiwa na kama nusu yao.

Nilimsikiliza nikiwaza kwetu. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru mizigo ya bara ipande reli moja kwa moja hadi Nairobi, nilishuhudia gereji za Changamwe na Mikindani zikifungwa, madereva wa malori wakirudi kwa wazazi, watu wakiandamana mjini kila Jumatatu. Amri hiyo iliondolewa 2022, lakini waliokwisha kuuza malori yao hawakuyarudisha. Nilimweleza mzee haya yote. Hakuwa ameyasikia, ila aliyaelewa kabla sijamaliza. Watu wa bandari hawahitaji kuelezwa sana. Na niliona kwamba mji wake umefufuka kwa watalii, mpira na muziki, jambo zuri, lakini watoto wa makuli hawakuwa ndio waliofungua ile mikahawa. Hilo linanitia hofu kwa wanangu kuliko mkondo wowote wa Mersey.

Basi likaja. Mzee alishuka kituo cha pili, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Sisi tukaingia kwenye njia ya chini ya mto iliyofunguliwa 1971, taa, vigae, dakika chache, na tukaibukia Liverpool. Kuna nyingine ya magari ya 1934. Na kesho yake, kabla ya treni yangu ya London, nilishuka stesheni ya James Street na kuvuka kwa treni hadi Hamilton Square kwa dakika tatu tu, kupitia njia waliyoichimba chini ya mto na kuifungua 1886. Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa 1896. Miaka kumi kabla Waingereza hawajagonga reli ya kwanza kwetu, walikuwa wameshapitisha treni chini ya maji kwao, na hadi leo, sisi tulio kusini mwa kisiwa, watu kama laki tatu kwa siku, tunategemea feri ileile. Barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka bila kupita ferini, imekamilika, ni neema kwa wenye magari, lakini mwenda kwa miguu wa Likoni haimsaidii kufika mjini Posta saa moja asubuhi. Daraja tumeahidiwa tangu nikiwa kijana. Nilipokuwa kwenye treni ile nilikasirika kwa dhati, nikakasirika kwa niaba ya watu 272.

Kwa atakayekwenda: hoteli ichukuliwe mapema na isiangukie siku ya mechi ya nyumbani, si ya Liverpool wala ya Everton. Feri ya wafanyakazi ni siku za kazi tu, asubuhi na jioni, kwenye gati la Seacombe. Siku ya upepo nunua tiketi ya kwenda peke yake, na uwe na nauli ya basi.