Deni Aliloliacha Marehemu

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimeng'ang'ania 2 Wafalme 4. Tumezoea kuhubiri muujiza wa yale mafuta ya mjane yaliyojaza vyombo. Mimi nimekwama mstari wa kwanza. Marehemu alikuwa mcha Mungu, mmoja wa wana wa manabii, yaani wanafunzi wao, na bado alimwachia mkewe deni, hata mdai akaja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa.

Nyumba inayotegemea mshahara mmoja huanza kuvuja mahali padogo. Mwezi una wiki nne na siku mbili tatu za ziada. Ukishatoa zaka, kodi, nauli na ada ya shule, ukakigawa kilichobaki kwa nne, fedha itakwisha tarehe 28, na siku hizo za mwisho ndizo zitakazokupeleka kukopa. Gawa kwa tano. Fungu la tano libebe mkia wa mwezi, na likisalia liwe akiba. Na ada haiji ghafla, tusidanganyane: jumlisha ya mwaka mzima, gawa kwa 12, weka kando kila mwezi.

Wengi wetu hatufanyi hivyo, tunachukua mshahara kabla ya siku yake. Ukichukua sehemu ya tano mapema, mwezi ujao utaingia na sehemu nne tu, na matumizi ni yale yale. Utachukua tena. Shimo halijazibwa, limehamishwa tu. Mkopo wa riba ni mbaya zaidi: ukitozwa asilimia 10 kwa mwezi nawe ukawa unalipa riba peke yake, baada ya miezi 10 umeshatoa fedha yote uliyokopa, na deni limesimama pale pale. Ndiyo maana unapopata chochote cha ziada, anza na deni lenye riba kubwa, hata kama mwenye deni dogo ndiye anayepiga simu sana.

Sasa niseme na akina baba, na akina mama mnaoibeba nyumba peke yenu kwa mshahara wenu. Mwenzako anajua unapata kiasi gani? Simaanishi kukisia. Anajua makato? Anajua ulimdhamini rafiki yako mkopo? Tunaomba pamoja asubuhi, halafu hati ya mshahara tunaikunja mara nne na kuificha chini ya nguo. Huo si uongozi wa nyumba, ndugu yangu, ni woga. Mwenzako atapanga matumizi kwa fedha ambayo haipo, nawe utamwita mfujaji. Na ukiitwa na Bwana usiku huu, mdai ndiye atakayemweleza yale uliyomficha, tena msibani.

Yule mjane hakumficha nabii Elisha kitu. Alitaja deni, akataja na kile alichonacho, chupa moja ya mafuta. Na mafuta yalipojaza vyombo, jibu la nabii lina mpangilio: uza mafuta, lipa deni, kisha wewe na wanao mwishi kwa kilichosalia.

Kwa hiyo jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, fungeni mlango kama alivyofunga yule mjane alipomimina mafuta. Wekeni mezani hati ya mshahara na karatasi moja. Andikeni jina la kila mdai, kiasi, riba, na siku ya kulipa. Anzeni na lile deni ambalo mwenzako hajawahi kulisikia.