Kumbukumbu ya karakana: kulitoa vumbi la mbao nje kabla halijafika puani

Novemba

Karakana yangu ni chumba cha mita 4 kwa 6, kimo mita 3, kimeshikana ukuta na nyumba tunayolala hapa Tabata. Kwa miaka mingi nimepasua na kuranda mninga, mkongo na mkangazi humo ndani kwa msaada wa ufagio, feni na barakoa. Mwanangu wa pili ana pumu, na kila nikipiga msasa jioni, usiku kifua chake kinatoa habari. Ndiyo maana mwaka huu sinunui mashine nyingine ya kukatia. Fedha yote inaingia kwenye kunyonya vumbi.

Maranda yale tunayoyafagia hayanitishi. Ni makubwa, yanaanguka, mtu anayaona. Kinachonitisha ni unga usioonekana. Chembe yenye upana wa maikroni 2, yaani sehemu mbili za elfu moja za milimita, hushuka polepole sana hata hewa ikiwa imetulia: kutoka usawa wa pua hadi sakafuni inaweza kuchukua saa tatu au zaidi. Ukizima msumeno ukaenda kunywa chai, ukarudi bila barakoa kwa kuwa "vumbi limetua", unavuta lilelile. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye Kundi la 1 mwaka 1995, kundi moja na moshi wa tumbaku na asbesto, hasa kwa saratani za ndani ya pua. Mvule, ambao wengi tunaupenda, unajulikana kwa kuleta pumu na kuwasha ngozi kwa mafundi.

Nilifanya hesabu moja ikanikaa kichwani. Uingereza wameweka kikomo cha miligramu 3 za vumbi la mbao ngumu kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Karakana yangu ina mita za ujazo 72. Zidisha mara 3: miligramu 216. Hiyo ni chini ya robo gramu, kiasi unachobana kwa vidole viwili. Kikielea chote, chumba kizima kimefika kikomo. Ukishaielewa namba hiyo hutaki tena mfumo unaokamata "sehemu kubwa" ya vumbi.

Desemba

Nimepata mashine ya kunyonya iliyotumika, mota ya induksheni ya nguvu farasi 2, feni yake ya chuma, na mfuko wa kitambaa juu. Mota ni nzima. Mfuko ndio sikuutaka. Mifuko mingi ya aina hii inazuia maranda na kupitisha unga mwembamba, kwa hiyo inakusanya usichokiogopa na kukipuliza unachokiogopa kwa usawa wa uso.

Hapa ndipo niliamua jambo linalotawala mradi wote. Maelezo mengi ninayosoma yanatoka Marekani na Ulaya, na huko wanahangaika na vichujio vya bei kubwa kwa sababu ya baridi: wakitoa hewa nje wanatoa na joto walilolilipia. Mimi niko Dar es Salaam. Hewa ya karakana yangu sina sababu ya kuitunza, nikiitupa nje napata na unafuu wa joto. Kwa hiyo hakuna kichujio. Saikloni, yaani faneli ya bati inayoizungusha hewa, itatenga maranda na unga mzito, vidondoke ndani ya pipa, na hewa iliyobaki itapanda kwenye bomba hadi juu ya paa.

Sharti lake ni hewa ya kuingia. Feni ikivuta mita za ujazo 1,200 kwa saa, chumba changu kinabadilisha hewa yote kila dakika nne hivi, na hewa hiyo lazima ipate pa kupitia. Dirisha la upande wa mbali na feni litakuwa wazi muda wote wa kazi, na wavu wake wa mbu unafuliwa mara kwa mara maana hujaa vumbi na kuziba kimyakimya.

Kipenyo cha bomba nacho kinataka hesabu. Vumbi la mbao linahitaji hewa inayokwenda kama mita 20 kwa sekunde ili lisilale ndani ya bomba. Bomba la nchi 4 kwa kasi hiyo linapitisha kama mita za ujazo 565 kwa saa. La nchi 6 linapitisha zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo njia kuu ni nchi 6, PVC ya maji machafu inayouzwa kwa urefu wa mita 6, na nchi 4 inatumika kwenye matawi mafupi tu.

Januari

Mtaani Gerezani, hapa Dar es Salaam, kwa fundi bati. Nilikwenda na mchoro wa ukubwa halisi kwenye karatasi ya kaki, kwa sababu koni ya bati huwezi kuieleza kwa mdomo.

"Kaka, faneli kubwa hivi ya kumiminia nini?"

"Ya vumbi, fundi. Hewa inaingia ubavuni inazunguka, vumbi linasukumwa ukutani linashuka, hewa safi inatoka juu katikati."

Akaugeuza mchoro mara mbili. "Basi mshono wa ndani ulale vizuri, usije ukawa ngazi."

Alishaelewa. Mshono uliojitokeza ndani unavuruga mzunguko na kurudisha unga kwenye hewa.

Kwa anayetaka kuchora yake: juu kipenyo ni sentimita 46, chini 15, kimo cha koni 75. Kwenye bati tambarare unachora matao mawili kutoka kituo kimoja, la nje lenye nusu kipenyo cha sentimita 113.7 na la ndani 37, kisha unakata kipande cha digrii 73, ukiongeza sentimita moja kila upande kwa ajili ya mshono. Silinda ya juu ni mstatili wa kawaida unaokunjwa. Bomba la kutokea, nchi 6, linashuka katikati ya silinda hadi chini ya usawa wa mdomo wa kuingilia. Lisiposhuka hivyo, vumbi linakata kona moja kwa moja kwenda kwenye feni.

Fundi alikunja, akaponda mshono kwa nyundo ya mti, akalehemu. Nilisimama pale kwa raha kabisa. Watu wanaotengeneza majiko na karai mchana kutwa wana mikono inayojua bati kuliko kitabu chochote.

Februari

Pipa la chini ni la plastiki, lenye mfuniko wa kubana kwa pete. Sehemu hii ina umuhimu kuliko inavyoonekana. Ndani ya saikloni kuna mvuto, na tundu dogo tu kwenye pipa linafanya hewa ipande kutoka chini na kuubeba unga ulioshatulia kurudi kwenye feni. Nimekata tyubu ya gari kuwa ukanda mrefu, nikauzungusha chini ya mfuniko, na maungio ya bati nimeyapaka silikoni.

Mabomba yamepanda ukutani. Mahali pa kona ya digrii 90 nimeweka elbo mbili za 45 zenye kipande kifupi katikati, na pa tii (kiungo cha umbo la T) nimeweka wai (cha umbo la Y), hewa iingie kwa mshazari. Vilango vya kufunga matawi nimechonga mwenyewe kwa plaiwudi, kibao kinachoteleza kati ya vibao viwili. Kinafunguliwa kimoja tu kwa wakati, cha mashine inayofanya kazi. Mpira wa mikunjo, ule wa kunyonyea maji unaouzwa kwenye maduka ya pampu, nimeutumia kwa vipande vifupi sana kwa sababu mikunjo yake inaiburuza hewa.

Umeme: mota hii na msumeno wa meza zikiwaka pamoja zinakaribia ampea 20. Nimemwita fundi umeme akavuta laini mpya ya waya wa milimita 4 kutoka kwenye breka yake yenyewe. Mnyonyo unawashwa kwanza, ukishashika kasi ndipo msumeno. Jioni umeme ukiwa mdogo siwashi kabisa, mota ikiunguruma bila kushika kasi inajichoma.

Machi

Bomba la kutolea limefika juu ya paa, na hapa nilitumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Upande wa kaskazini kuna mama jirani na kamba yake ya nguo. Kaskazi inapovuma, hewa yangu inakwenda upande wa barabara. Kusi ikianza, inakwenda kwake. Bomba lilipaswa kufaa kwa pepo zote mbili, kwa hiyo nimelipandisha mita moja na nusu juu ya kipeo cha paa na kuliacha litazame juu wima, hewa irushwe juu ya mkondo unaogonga nyumba.

Masika yako mlangoni, na kofia ya kawaida ya bati ingeirudisha hewa chini. Badala yake fundi bati amenitengenezea pete ya nchi 8, ndefu, inayozunguka mdomo wa bomba na kupanda juu yake, ikiacha mwanya kati yao. Mvua inayoingia kwa mshazari inagonga pete na kuchuruzika nje kupitia mwanya. Matone machache yanayofika ndani yana kitundu cha kutokea kwenye elbo ya chini.

Nilikwenda kumweleza jirani kabla ya kuwasha.

"Shikamoo mama. Nimeweka bomba pale juu, nikaona nije nikwambie mwenyewe."

"Marahaba mwanangu. Litatutemea nini hilo?"

"Hewa, mama. Vumbi zito linabaki kwenye pipa. Ila ukiona chochote kwenye nguo, nigongee siku hiyohiyo."

"Basi tundike kitambaa cheupe kibichi hapa kwangu, tuone wote."

Wazo lake ni zuri kuliko kifaa chochote nilichofikiria. Kwanza tulikitundika siku ya kuranda mkongo, mbao yenye vumbi la kuwasha pua hasa. Kilikauka kikiwa na vumbi lilelile la barabarani analolijua. Kipimo chenyewe kilikuwa kinasubiri kusi.

Aprili

Vipimo. Mvuto ndani ya bomba nimeupima kwa mpira mweupe ambao mafundi ujenzi hutumia kupimia levo: unaukunja umbo la U, unatia maji nusu, ncha moja unaichomeka kwenye tundu la bomba, nyingine inabaki wazi. Tofauti ya vimo vya maji ndiyo mvuto. Nimeweka alama ya kimo cha kawaida kwa kalamu ya wino kwa kila kilango. Maji yakipanda kupita alama, kuna kilichoziba kati ya kipimo na mashine ya kukatia. Yakishuka, ama hewa inavuja huko, ama kizuizi kiko upande wa feni.

Kipimo cha pili ni tochi. Usiku, taa zote zimezimwa, unakata mbao huku tochi ikimulika kwa ubavu, na unga usioonekana mchana unang'aa wote. Msumeno wa meza ulinionyesha wingu juu ya meno, ingawa chini mnyonyo ulikuwa safi. Meno yanarusha juu, bomba liko chini. Nimeongeza kifuniko cha akriliki juu ya msumeno chenye tawi lake la nchi 4, na wingu limepungua sana.

Sanda ya mkononi, ile mashine ndogo ya kupigia msasa, haifai kwa mfumo huu. Tundu lake ni dogo, na feni kubwa inatoa hewa nyingi kwa mvuto mdogo. Tundu dogo linataka kinyume chake. Ile inatumia vakyumu ya kawaida, na barakoa bado naivaa. Baada ya kazi naacha mfumo ukivuta robo saa kabla ya kuzima.

Juni

Kusi imeshika. Kitambaa kimetundikwa tena kwa mama, safari hii upepo ukielekea kwake moja kwa moja, na hakijabadilika. Mwanangu amelala vizuri wiki zote ambazo nimefanya kazi jioni. Daktari wake bado anamfuatilia, dawa zake hatujazigusa.

Pipa sasa nalitenganisha kabla ya kumwaga. Maranda ya mninga na mkangazi yanachukuliwa na mfugaji wa kuku mtaa wa pili, nayachekecha kwanza maana unga unaumiza vifaranga. Ya emdiefu (MDF), mbao za nyuzi zilizoshindiliwa, yana gundi ya fomaldehidi, na ya mbao za paini zilizotiwa dawa yanaweza kuwa na aseniki: hayo hayaendi kwa kuku, hayachomwi, yanafungwa kwenye mfuko wake. Cheche za grainda pia hazikaribii mlango wa bomba lolote, moto unaweza kukaa ndani ya pipa saa nzima bila kuonekana.

Kilichobaki ni mashine ya kukereza. Inarusha maranda kila upande na unga wa msasa unamjia fundi usoni, kwa hiyo inataka mdomo mpana wa bati nyuma ya kazi, unaosogea na patasi. Mchoro wa kwanza uko tayari, Jumamosi naupeleka Gerezani.