Kompyuta ya Shangazi na Diski ya Kariakoo

Mwaka 2019 nilikuwa nasimamia steshenari ya shangazi yangu mjini Morogoro. Ilikuwa fremu moja tu, yenye mashine ya fotokopi, printa, mashine ya laminesheni, na kompyuta moja ya mezani iliyobeba duka zima. Kompyuta yenyewe ilikuwa mtumba wa Ulaya, prosesa ya kizazi cha tatu, ramu GB 8, na hadi diski yake ilishachoka. Asubuhi tulikuwa tunaiwasha kwanza, ndipo tunafagia, tunamwagia maji kibarazani, tunapanga madaftari, na tukirudi ndani bado inazungusha vidoti vyake.

Shangazi hilo halikumsumbua. "Si inawaka? Basi." Mimi ndiye niliyekuwa na wasiwasi, kwa sababu msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ulikuwa unakaribia. Aliyewahi kufanya kazi steshenari anaujua msimu huo. Vijana wanakuja na bahasha zao: vyeti vya kuzaliwa vilivyohakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, vyeti vya vifo vya wazazi kwa walio yatima, picha, kitambulisho cha mdhamini. Unawajazia fomu mtandaoni, unaichapa, wanakwenda nayo serikali ya mtaa na kwa wakili, wanarudi, unaskani kurasa zilizosainiwa, unazipandisha. Kompyuta ikichechemea hapo, foleni inafika barabarani, na foleni ikifika barabarani steshenari ya jirani inanufaika.

Nikambembeleza mpaka akakubali tununue SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, isiyo na kinachozunguka ndani. Niliiagiza Kariakoo, Dar es Salaam, GB 240, ikaja kwa basi ndani ya kiboksi chepesi mpaka Shangazi akakitikisa kuhakikisha kuna kitu. Fundi mmoja wa mjini akaja, akaifunga, akapiga Windows 10 mpya, akahamisha mafaili yetu. Kompyuta ikawaka kabla sijashika ufagio. Nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto.

Furaha hiyo Shangazi aliikata siku hiyohiyo. Alivaa miwani, akasoma kwenye skrini, akaniita. "Umelipia ngapi?" Mia mbili arobaini. "Mbona hapa imeandikwa mia mbili ishirini na tatu? Kumi na saba kala nani?" Nikamweleza kwamba mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, kwa hiyo ukigawanya unapata 223 na kidogo, na hali ni hiyo kwa kila diski duniani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Kariakoo ni Kariakoo. Kuanzia siku hiyo ile diski ilikuwa mshtakiwa.

Haikuchukua muda ikampa ushahidi. Umeme ulikatika usiku, asubuhi nikawasha, nikakutana na skrini ya buluu yenye uso wa huzuni na maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Fundi kwa simu: "Dada, hiyo diski feki. Nitapita nikupigie Windows upya." Nilimwambia asubiri, kwa sababu kuna kitu kilinivutia. Nilipoingia kwenye mipangilio ya ndani, ile unayoifikia kabla Windows haijaanza, saa ya kompyuta ilikuwa inasoma Januari 2012.

Hilo la saa lilikuwa la zamani. Kila umeme ukikatika, saa ilikuwa inarudi nyuma na sisi tunairekebisha kwa mkono, hatukuwahi kulijali. Ni kile kibetri cha duara cha CR2032 kwenye bodi kuu ya kompyuta, kilikuwa kimekufa. Umeme ukikatika, kompyuta inasahau si saa tu bali mipangilio yake yote, inarudi kwenye ile ya kiwandani. Enzi za diski ya zamani haikutudhuru, kwa sababu Windows ile iliwekwa juu ya mipangilio hiyohiyo ya kiwandani. Fundi alipofunga SSD alibadilisha namna bodi inavyozungumza na diski, kutoka RAID ya kiwandani kwenda AHCI, jambo zuri kabisa, kisha akapiga Windows juu yake. Sasa kila umeme ukikatika bodi inarudi RAID, na Windows ikiamka inatafuta diski yake kwa lugha ambayo haikuandaliwa kuitumia. Nikarudisha AHCI, ikawaka. Betri mpya nikaipata duka la saa za mkononi.

Nilitamba kidogo, sitakataa. Na ningeendelea kutamba kama maradhi yangekuwa hilo moja.

Wiki ya kwanza ya msimu, katikati ya fomu ya binti mmoja, kompyuta ikaganda. Kipanya kinatembea lakini ukibofya hakuna kinachojibu. Baada ya muda, skrini ya buluu tena, safari hii ikisema inakusanya taarifa za hitilafu: asilimia 0. Ikakaa hapo hapo kwenye 0. Nikaizima na kuiwasha kwa kitufe cha kurestati, ikaandika kwamba haioni diski yoyote ya kuwashia. Nikachomoa umeme kabisa, nikasubiri, nikachomeka, ikawaka vizuri tu. Fomu ya binti ilikuwa salama kule mtandaoni, lakini skani zake zilipotea, tukaanza upya na yeye akiangalia saa ya daladala.

Ikawa ndiyo tabia yake. Inaweza kukaa kutwa nzima ikafanya kazi kama malaika, kisha mchana watu wakijaa inaanguka, inaamka, inaanguka tena. Shangazi akasema turudishe diski ya zamani. Fundi akasema, "Si nilikwambia?" Wateja nao kila mmoja ana tiba: virusi, ramu, joto, jina la duka.

Mimi nilishaona jambo moja: huwa inaanguka tukiwa tunatoa kazi nyingi. Mtu akileta ripoti ya utafiti nakala tano, hapo ndipo. Nikashuku umeme, na shaka hiyo haikuwa ya kijinga. Printa ya leza inapopasha moto ile rola ya kugandishia wino huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na kama imechangia soketi na kompyuta, volti inaweza kushuka. Nikahamishia printa na fotokopi kwenye soketi ya ukuta wa pili, kompyuta nikaiacha peke yake kwenye UPS, lile boksi la betri ya akiba. Ikaanguka vilevile. Shangazi akaniuliza kama waya mrefu wa ekstensheni niliounyoosha katikati ya duka nao ulikuwa sehemu ya matibabu.

Nikaingia kwenye daftari la matukio ambalo Windows huliandika yenyewe. Kwenye kila anguko kulikuwa na tukio namba 41 tu, ambalo maana yake ni kwamba kompyuta ilizimika bila kuaga. Nilikasirika: daftari zima halafu halina sababu! Ndipo ikanijia kwamba daftari hilo linaandikwa kwenye diski ileile inayopotea. Diski ikishatoweka, Windows haina mahali pa kuandika kwamba diski imetoweka. Ndiyo maana pia ile asilimia ilikuwa inabaki 0. Nikaacha kutazama saa za kuanguka, nikatazama zile nyakati ilipoganda kidogo kisha ikajirudi. Hapo nikakuta namba 129, moja baada ya nyingine: kompyuta imeita diski, haikuitikiwa, ikairestati.

Usiku, duka likiwa limefungwa, nikaendesha H2testw, programu ndogo ya bure inayojaza diski mpaka pomoni kisha inasoma kila ilichoandika kuona kama kimebadilika. Diski feki hukamatwa hapo, kwa sababu hutangaza ukubwa isiokuwa nao. Hii yetu ilipita bila kosa hata moja. Kijana wa Kariakoo alikuwa ameniuzia mali halali, na nilimtumia ujumbe wa kumshukuru bila kumweleza kwa nini.

Asubuhi nikafungua CrystalDiskInfo, ambayo inasoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujitunzia yenyewe. Mstari wa 05, wa sehemu zilizoharibika, ulikuwa sifuri. Mstari wa C7 haukuwa sifuri, ulikuwa na mamia. C7 inahesabu vifurushi vya data vilivyofika vikiwa vimeharibika njiani: kila kifurushi kinabeba namba yake ya ukaguzi, anayepokea anapiga hesabu upya, zisipolingana anaomba kitumwe tena, na kihesabio kinapanda. Hakishuki kamwe, kwa hiyo wingi wake peke yake hausemi mengi. Unachotazama ni kama bado kinapanda. Na juu kabisa ya dirisha palikuwa pameandikwa SATA/300 | SATA/600, yaani diski ina uwezo wa gigabiti 6 kwa sekunde lakini imejishusha hadi 3.

Nikaiacha programu wazi, nikaanza kunakili faili kubwa la video, nikamwomba Shangazi atoe fotokopi, yoyote, hata ya ukurasa mtupu. Mashine ikaanza kuguruma, meza ikaanza kutikisika, nami nikibofya kuonyesha upya. C7 ikapanda. "Simamisha." Ikatulia. "Toa tena." Ikapanda.

Fotokopi na kompyuta zilikuwa kwenye meza moja tangu duka lianze.

Nikafungua ubavu wa kompyuta. SSD haikuwa na skrubu hata moja. Nafasi ya diski kwenye kasha lile ni ya diski kubwa ya inchi 3.5, hii ni ya inchi 2.5, na fundi, kwa kuwa ni nyepesi na haina kinachozunguka ndani, aliiacha ining'inie kwenye nyaya zake. Kwa diski yenyewe hilo si tatizo. Ila uzito wake wote ulikuwa unavuta waya wa data, waya wa siku nyingi uliotoka na kompyuta Ulaya, na kile kilimi cha kuubana kilikuwa kimevunjika. Niliugusa kwa kidole kimoja, C7 ikaruka.

Waya mpya wenye kibanio cha chuma ulikuwa shilingi elfu tatu. Kishikizo cha kuibana diski sikukipata mjini, nikamwendea fundi wa madirisha ya alumini upande wa pili wa barabara, akanikatia kibamba, akatoboa matundu kwa vipimo nilivyochora kwenye karatasi, na akakataa pesa akitaka nimfanyie laminesheni ya leseni yake. Nikafunga, nikawasha, juu ya dirisha pakasoma SATA/600 | SATA/600. Nikaandika namba ya C7 kwa kalamu ya maka ubavuni mwa kompyuta, 412, na msimu wote wa mikopo ulipita, meza ikitikisika vilevile, namba ikiwa 412.

Ule waya wa zamani niliukata vipande viwili kwa mkasi wa dukani, asije mtu akauokota akaufunga kwenye kompyuta nyingine. Shangazi aliniona. Alitaka kujua kwa nini naharibu waya mzima.